Mvua Inapozitangulia Nyasi

Kama uko Jinja, Uganda, mvua ikikatika alfajiri nakuomba utoke mapema, kabla jua halijakausha lami, utembee kidogo upande wa Mafubira au Bugembe. Hutakwenda mbali kabla hujauona ulimi. Ni ulimi wa udongo mwekundu, umetoka chini ya geti la mabati, umevuka kando ya barabara na kulala juu ya lami, mnene huku nyuma, mwembamba kule mbele. Watu wa boda boda wanaupita wameshusha miguu yote miwili, kwa kuwa wanajua unavyoteleza. Ikifika saa tano umeshakuwa vumbi, na vumbi hilo tunalivuta sote, mwenye geti na asiye na geti.

Nina tabia ya kuufuata ulimi huo kurudi ulikotoka. Mara nyingi nyuma ya geti hakuna nyumba. Kuna ploti iliyosafishwa. Tingatinga lilipita mwezi wa kwanza, wakati wa jua, likang'oa nyasi, vichaka, visiki na ule udongo mweusi wa juu uliochukua miaka mingi kutengenezeka. Tofali zimepangwa pembeni, kuna rundo la mchanga na msingi umechimbwa nusu. Halafu pesa zikaisha, mwenyewe akarudi Kampala au Dubai kutafuta nyingine. Mwezi wa tatu mvua ikafika, ikaikuta ardhi iko uchi.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya muda huo, tangu siku tingatinga linapoondoka mpaka siku nyasi zinapoota tena. Vitabu vya uhandisi vinauhesabu kwa miezi. Kwetu ni miaka. Sisi tunajenga kwa mfuko wetu: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu mabati kama mavuno yalikuwa mazuri. Siioni kuwa aibu. Ndivyo mtu asiye na mkopo wa benki anavyopata nyumba. Lakini kwa sababu tunajenga polepole, ardhi yetu inakaa wazi kwa misimu minne, mitano, sita ya mvua. Ninachokuja kusema ni kwamba kazi ya maji iwe ya kwanza kwenye saiti, kabla ya msingi na kabla ya geti. Leo tunaifanya ya mwisho, pamoja na rangi ya ukuta, na wengi hatufiki kwenye rangi.

Tuanze na tone. Tone la mvua likianguka juu ya jani hupasuka, likateleza kwenye shina na kuingia ardhini taratibu. Likianguka juu ya udongo mtupu hupiga kama nyundo. Ukitaka ushahidi, tazama ukuta wowote wa tofali usiopigwa lipu. Kuanzia chini mpaka usawa wa goti umejaa madoadoa mekundu. Hayo madoa hayakupanda yenyewe. Ni udongo uliorushwa juu na matone. Chembe laini zinazorushwa hivyo zikitua huziba vitundu vya ardhi, juu panajifanya gamba, na chini ya gamba kuna udongo ulioshindiliwa na minyororo ya tingatinga. Maji hayana pa kuingilia. Yatakwenda kokote kulikoinama.

Sasa tuhesabu kidogo, maana hesabu hii kila mwenye ploti anaiweza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ploti yetu ya kawaida, ile ya futi 50 kwa 100, ni mita za mraba 464. Mvua nzito ya alasiri moja, tuseme milimita 40, inamwaga juu ya ploti hiyo zaidi ya lita 18,000, yaani zaidi ya jerikeni 900 za lita ishirini. Fikiria vijana wamezipanga jerikeni 900 kwenye ploti yako, halafu wakazimwaga zote katika muda wa saa moja. Utamwambia jirani wa chini nini?

Mimi niliwahi kuulizwa swali hilo, na sikuwa na jibu. Familia yetu ina ploti Mbale, upande ambako ardhi inaanza kuinuka kuelekea kilima cha Wanale. Mimi ndiye niliyemlipa mwenye tingatinga. Nilisimama pale na mkanda wa kupimia, nikafurahi kuona ardhi imekuwa sawa kama meza. Mteremko tuliukata kwa juu, udongo tukausukuma chini mpaka kwenye mpaka, ukabaki rundo refu lisilofunikwa kitu. Nikarudi Jinja kazini.

Siku chache baada ya mvua za kwanza nilipigiwa simu. Nilipofika, mama wa nyumba ya chini hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, sikukuita tugombane. Nimekuita uone." Akanipeleka jikoni kwake, kibanda cha fito na mabati nyuma ya nyumba. Mafiga matatu hayakuonekana. Tope lilikuwa limejaa mpaka usawa wa vifuniko vya sufuria, laini, jekundu, limetulia kama uji uliopoa. Kuku alikuwa amelalia mayai pembeni. Kikapu chake kilisombwa mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Mvua ya mwaka huu imekuwa kubwa." Akaniangalia, akasema, "Mvua ni ya Mungu. Lakini udongo huu ni wako."

Nimekaa na maneno hayo miaka kadhaa sasa. Kisheria, kimila, hata kwa akili ya kawaida, sijaona mahali pa kuyapinga.

Mbale, wasikilizaji, ni mji unaolala miguuni pa mlima. Ukisimama katikati ya mji, ukitazama mashariki, unaona ukuta wa Wanale na maporomoko yake yanayoning'inia kama nyuzi nyeupe. Baada ya mvua kubwa nyuzi zinaongezeka, na mtu wa Mbale akizihesabu kutoka dukani kwake anajua mto Nabuyonga utakuwaje jioni. Mto huo unapita katikati ya mji. Mto Namatala nao uko upande wake. Watu wa umri wangu tulisimuliwa na wazazi kwamba Mbale ulikuwa ukisifiwa kwa usafi kuliko miji mingine ya Uganda, mitaro yake ikifagiliwa, miti yake imepangwa. Mitaro mingi ya zamani bado ipo. Ingia mmoja wakati wa kiangazi uchimbe: juu kuna makavera ya plastiki, chini yake mchanga, chini ya mchanga tope la viwanja, na chini kabisa ndiyo unafika kwenye saruji. Mtaro wa kina cha mita moja umebaki na kina cha mkono.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mvua ilinyesha juu ya mlima na juu ya mji. Mito ya Nabuyonga na Namatala ilitoka kwenye kingo zake. Zaidi ya watu ishirini walikufa, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao, wengine njiani. Mabomba ya maji yalivunjwa, na watu wapatao laki nne wakakosa maji ya bomba huku nyumba zao zimejaa maji. Nilipofika Mbale siku zilizofuata, kila mtu alikuwa na koleo. Walikuwa wanatoa tope ndani: dukani, msikitini, vyumba vya kulala. Magodoro yalikuwa yameanikwa juu ya kuta kila mtaa.

Sitaki kuwadanganya. Mvua kama ile ingefurika hata kama kila ploti ya Mbale ingekuwa na nyasi. Mlima ni mrefu na mito ni mifupi. Maji yanashuka kwa saa chache tu. Wala sitaki kuchanganya mambo mawili. Maporomoko ya ardhi ya Nametsi kule Bududa mwezi Machi 2010, yale ya Bukalasi Oktoba 2018, na yale ya Bulambuli Novemba 2024 yalikuwa ni mlima wenyewe kukatika, udongo mzito uliolowa mpaka ndani kabisa. Mtaro wa ploti usingeyazuia. Lakini mafuriko ya mjini yana sehemu mbili, ya mlima na ya kwetu. Ya mlima hatuiwezi kwa mwaka mmoja. Ya kwetu ni mtaro uliojaa udongo wa viwanja, kalavati lililozibwa, na nyumba iliyojengwa pale ambapo mto ulizoea kujipumzisha. Hiyo tunaiweza, na ndiyo maana nakasirika nikisikia watu wanasema tu "mabadiliko ya hali ya hewa" kisha wanakunja mikono. Hali ya hewa inabadilika kweli. Basi ni sababu zaidi ya kuzibua mtaro.

Narudi kwenye ploti yetu. Aliyenisaidia hakuwa injinia. Alikuwa mzee wa kahawa kutoka huko juu, rafiki wa marehemu baba, aliyeshuka siku ile niliyoitwa na mama wa chini, akiwa na mikungu yake ya matoke. Akasimama ukingoni, akauliza, "Nani aliikata ardhi hivi?" Nikasema, "Ni mimi, mzee." Akanyamaza kidogo, kisha akaomba fito tatu, kamba na jiwe.

Wakulima wengi wa Bugisu, eneo la Mbale na milima yake, wanakijua chombo kinachotengenezwa kwa vitu hivyo. Fito mbili zinafungwa juu zikatanuliwa miguu, ya tatu inafungwa katikati kwa kulala, kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka kileleni. Unaweka alama pale kamba inapogusa fito ya katikati miguu yote miwili ikiwa usawa mmoja. Kuanzia hapo unatembea na chombo kwenye mteremko, mguu baada ya mguu, ukigonga kigingi kila kamba inapoangukia kwenye alama. Ukigeuka nyuma, mstari wa vigingi umejipinda kufuata tumbo la kilima, na kila kigingi kipo kwenye kimo kimoja. Juu ya mstari huo ndipo unapochimba.

Na hapa nina fahari kidogo ya lugha yetu. Kuna mtindo wa kuhifadhi udongo unaoitwa fanya juu: unachimba mfereji kufuata usawa wa kilima na udongo unautupa upande wa juu, ukawa tuta, miaka ikipita tuta linashika udongo na mteremko unakuwa ngazi. Ukiutupa upande wa chini, ni fanya chini. Mtindo ulijulikana sana Ukambani, Kenya, na maneno hayo mawili ya Kiswahili yamo katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani, hata vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Hawakuyatafsiri, wameyachukua yalivyo.

Swali langu ni hili. Kijana yule yule anayechimba mfereji kwa usawa kwenye kahawa ya baba yake kule Wanale, akishuka mjini akapewa kazi ya saiti, kwa nini anakata ardhi wima kutoka juu mpaka chini? Ujuzi hajauacha nyumbani. Ila hakuna aliyemuuliza. Mwenye ploti anataka kuona tofali. Kontrakta analipwa kwa tofali. Ramani iliyopitishwa inaonyesha vyumba, milango, choo na shimo lake, lakini mshale wa kuonyesha maji ya mvua yataingilia wapi na kutokea wapi haumo. Ningekuwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja kwenye kila ramani inayopelekwa kwenye ofisi za mipango miji za Jinja na Mbale, ningeongeza mshale huo.

Mzee alitupangia kazi ya siku mbili. Juu ya ploti, kabla ya mahali tulipokata, tulichimba mfereji wa kukinga, wenye mwinamo mdogo tu, ili maji yanayoshuka kutoka kwa wenzetu wa juu yazunguke pembeni yasipite kwenye udongo wetu mtupu. Mahali mfereji unaposhuka kwa kasi tukapanga mawe, kizuizi kimoja, hatua kadhaa, kizuizi kingine, katikati ya kila kizuizi pakiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati, yasile kingo. Rundo letu la udongo tukalifunika na nyasi kavu na majani ya migomba. Nililidharau hilo la majani. Lakini ndilo linalozuia lile tone la kwanza lisipige, na yote yaliyobaki ni kuhangaika na udongo ambao tayari umeshang'oka.

Chini kabisa, mpakani na kwa mama, tukaweka uzio wa magunia. Niwaeleze vizuri, kwa kuwa nimeona saiti nyingi zenye magunia yasiyofanya kazi. Tulichukua magunia ya plastiki ya mahindi, tukayapasua na kuyashona yakawa ukanda mmoja. Fundi wetu akachimba kijifereji cha kina cha shubiri moja, kufuata usawa wa ardhi. Nguzo za mkaratusi zikasimama upande wa chini, gunia likagongomelewa upande wa juu, ili tope likisukuma lisukume gunia dhidi ya nguzo. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, mguu wa gunia ulikunjwa ndani ya kijifereji, ukafukiwa, na fundi akaukanyaga kwa visigino kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Gunia lisilofukiwa ni pazia. Maji yanapita chini yake na tope lote. Mwisho, ncha mbili za uzio zikapindwa kuelekea juu kama pembe za ng'ombe, maji yasizunguke pembeni. Kazi ya uzio huo ni kuyachelewesha maji, yatulie, yaache mzigo wake, yapite yakiwa mepesi. Tope likifika theluthi ya kimo chake lazima litolewe, la sivyo mvua inayofuata itauangusha.

Gharama yake sikumbuki kwa shilingi, lakini ilikuwa chini ya malipo ya tingatinga kwa siku moja.

Getini tulimwaga kokoto kubwa, magari ya mchanga yapanguse matairi kabla ya kuingia barabarani. Na kwenye ukingo tukapanda mabingobingo, mizizi yake ikashika kabla mvua za pili hazijafika. Kwa mwenye ploti tambarare nyasi ya pasipalamu inatosha, na ukiipanda mapema hutahitaji mtu wa kuja kukutengenezea bustani baadaye. Jambo moja tu nawaonya wa Mbale: mashimo ya kumezesha maji ni mazuri Jinja kwenye ardhi iliyolala, lakini usichimbe shimo la namna hiyo juu ya ukuta wa udongo uliokatwa wima. Utakuwa unalowesha mgongo wa mteremko wenyewe, na siku utakapokatika hutaulizwa ulikuwa na nia gani.

Mpaka sasa nimezungumza juu ya ploti moja. Shida kubwa zaidi ni viwanja vinavyokatwa pamoja na kuuzwa kwa mafungu. Mtu ananunua kilima kizima nje ya mji, analeta greda, na kwa wiki moja kilima kimechorwa kama daftari la hesabu: barabara za marram zimenyooka kutoka kileleni mpaka bondeni, na kando yake ploti za 50 kwa 100, 50 kwa 100. Mistari iliyonyooka imelazwa juu ya kitu cha duara. Barabara iliyonyooka kushuka kilima ni mto unaongojea mvua. Baada ya msimu mmoja ina makorongo mawili palipokuwa matairi, baada ya miwili gari haipandi, na marram yote imehamia kwa watu wa chini. Aliyeuza ameshamaliza kuuza.

Ploti tisa za kipimo hicho ni zaidi kidogo ya ekari moja. Nataja ekari moja kwa sababu. Marekani, tangu mwaka 2003, mtu anayevuruga ardhi ya ekari moja au zaidi kwa ajili ya ujenzi anatakiwa apate kibali cha maji ya mvua, awe na mpango ulioandikwa wa kuzuia udongo usitoke kwenye saiti, na mahali atakaposimamisha kazi kwa siku kumi na nne au zaidi aanze kupafunika. Hata kipande kidogo kuliko hicho, kama ni sehemu ya mradi mkubwa unaojengwa vipande vipande, kinahesabiwa pamoja na mradi wote. Kanuni hiyo ya mwisho ingetufaa sana. Hapa kila mnunuzi wa ploti moja ni mdogo mno kuulizwa, na aliyekata kilima hayupo tena kuulizwa.

Sheria za kwetu zipo, tusijifanye hatuna. Kanuni za mwaka 2000 za kulinda ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinatenga mita 200 kando ya Ziwa Victoria, mita 100 kando ya mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mito mingine. Sheria ya Taifa ya Mazingira ikaandikwa upya mwaka 2019. Ukisimama kwenye daraja lolote la Nabuyonga mjini Mbale na kuhesabu hatua thelathini kila upande, utakuwa umepita ndani ya nyumba za watu. Wengi wao ni maskini waliouziwa hapo na mtu aliyejua kanuni. Siwezi kusema wabomolewe kesho. Ninachosema ni kwamba mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, anayetia mhuri kwenye mauzo mapya ya ukingo wa mto anatia mhuri juu ya kitu kingine, na anajua.

Kwa nini mtu wa Jinja ajali tope la Mbale? Ukitoka Jinja kwenda Mbale kwa barabara ya Tirinyi, njiani unavuka bwawa refu la mafunjo na mashamba ya mpunga. Hiyo ni Mpologoma. Maji ya Namatala, yakishatoka Mbale, yanaingia kwenye ardhi oevu ya Namatala, yanafika Mpologoma, na mwishowe Ziwa Kyoga. Na maji ya Jinja? Yakiingia Ziwa Victoria yatatoka kwa Mto Nile, yakiteremka moja kwa moja mtoni ndiyo hayo hayo, na Nile nayo inaingia Kyoga. Miji miwili iliyopewa hadhi ya jiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, inapeleka udongo wake ziwa moja.

Udongo hausafiri peke yake. Fosforasi ya mbolea na ya uchafu hujishikiza kwenye chembe laini, na chembe zikifika Ziwa Victoria zinalisha gugu maji na ukoko wa kijani ambao mvuvi wa Masese, Jinja, anaujua kwa harufu. Maji ya bomba ya Jinja yanatoka ziwani humo humo. Yakija na tope zaidi yanahitaji dawa zaidi. Na mwezi Mei 2020 ziwa lilipopanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita kimo cha 1964 kilichosimuliwa na wazee, tulijifunza kitu kingine: mtaro unaoishia ziwani, ziwa likipanda, unarudisha maji mjini. Mtaro uliokwisha kujaa mchanga unayarudisha haraka zaidi.

Nimalizie kwa mama wa chini. Baada ya kazi ile ya siku mbili nilibaki Mbale mpaka mvua inyeshe. Ilinyesha usiku wa tatu, saa nane hivi, ikapiga mabati mpaka hatukusikiana chumbani. Sikulala. Kulipopambazuka nikashuka na fundi. Mfereji wa juu ulikuwa bado unatiririka taratibu, maji ya rangi ya chai. Uzio ulikuwa umesimama, umevimba kidogo katikati. Nyuma yake tope lilifika kwenye vifundo vya miguu. Upande wa pili, kwa mama, majani ya maboga yalikuwa na matone tu.

Tukaanza kulitoa kwa koleo kulirudisha juu. Hatujafika nusu, mama akatoka jikoni na karai mbili, moja kichwani, moja mkononi. Nikamsalimu, nikamuuliza kama mafiga yako salama. Akasema yako salama, uji uko motoni. Kisha akaiweka karai chini mbele yangu.

"Msiupeleke wote juu," akasema. "Baraza langu limeliwa na maji ya mwaka jana. Nijazieni hizi mbili, halafu nitarudi."